Kona ya Reli

Jiko la akina mama wa parokia yetu lingekuwa linawaka leo kama mimi ningefungua mdomo kwa dakika mbili tu. Nalisema hili mwanzoni, asije mtu akadhani najitetea.

Huku kwetu Ohio, Ijumaa za Kwaresima watu hupanga foleni kwenye theluji kununua pierogi, vile vitumbua vya unga vya Kipolandi vilivyokunjwa na viazi ndani, na pierogi za mji huu zilikuwa zikikunjwa kila Alhamisi na wanawake kumi na wawili chini ya kanisa, Ruthanne Sobczak akiwa mkuu wao. Askofu alipotangaza kwamba kanisa litauzwa, Ruthanne alisema basi, tutajenga jiko letu wenyewe, tuliite Jiko la Gene. Gene, marehemu sasa, alikuwa mumewe, na rafiki yangu. Kiwanja pekee walichokimudu ni cha kile kiwanda cha zamani cha bampa za magari nilichofanyia kazi na Gene miaka kumi na tisa. Mji uliwapa kwa dola moja, maana ardhi ilikuwa na sumu, na nani anataka sumu?

Ila palikuwa na mfuko wa serikali wa kukopesha watu wasafishe ardhi za namna hiyo. Riba ndogo, unalipa polepole, na unachorudisha anakopeshwa mwingine mwenye kiwanja kibovu kama chako. Kwanza lakini mhandisi achore ramani ya uchafu wote, mkopo utoke kwa ramani hiyo.

Mhandisi alikuwa binti mmoja, Tess Marchetti. Alikuja kwangu na buti za matope, akatandaza ramani ya kiwanda juu ya meza yangu ya kulia.

"Mama Ruthanne ndiye kanituma. Anasema mzee Len anajua kila kitu."

"Ruthanne hunisifu nikiwa sipo," nikasema. "Nikiwepo ananiita gunia."

Akacheka. Kisha akashika kalamu. "Kuna chochote kilichozikwa pale, mzee? Mapipa, matope, chochote?"

Kilikuwepo. Mwaka sabini na tisa, Jumamosi ya kiangazi, wakaguzi wakitarajiwa Jumatatu, bosi alituamuru mimi na Gene tuviringishe mapipa thelathini na moja ya tope la kromu, ile sumu ya kung'arishia bampa, hadi kwenye shimo lililokuwa kona ya nyuma, kando ya reli. Tulifukia, tukalipwa mara mbili na kupewa bia. Gene akanipa mkono: "Hili tunakufa nalo." Nikaushika. Pale kiwandani, anayepeleka maneno kwa watu wa ofisini aliitwa panya. Chester Banas alipeleka, na siku ya mazishi yake hata wabeba jeneza walikodiwa.

Basi nilimtazama yule binti nikamwona mtu wa ofisini. Nikaona pia jina la Gene litakalokuwa juu ya mlango, likipakwa tope. Na kwa ujinga wangu nikajiambia kwamba wenye mfuko wakisikia habari za mapipa, wataufuta mkopo.

"Hakuna," nikasema.

"Na kona hii ya reli?"

"Majani matupu. Tulikuwa tunakula mkate wetu hapo mchana." Nikaongeza na chumvi, mzee mzima: eti Gene aliwahi kufukuzwa na bata hapo.

"Basi hapa sitoboi," akasema, akapiga mstari. "Pesa ya kupima ni kidogo. Bora niipeleke kwenye ukumbi wa mabeseni ya kromu."

Mkopo ukatoka. Malori yalibeba udongo mchafu wiki tatu, yakaleta msafi. Akina mama walikuja na viti vyao kutazama, wakibishana dirisha likae wapi. Mimi nilipaka rangi uzio. Nilijisikia mwema, ndilo linaloniuma zaidi.

Mwezi wa kumi, katapila likichimba njia ya bomba la maji machafu kwenye kona ya reli, meno yake yalitoboa pipa. Yakatoka maji ya rangi ya limau. Kazi ikasimama siku hiyo hiyo. Tess alikuja amevaa suti nyeupe ya kujikinga na sumu, akanikuta kwenye uzio.

"Ungeniambia, mzee, tungeyaweka kwenye ramani, tukayatoa wiki ile ile," akasema. "Mkopo wenyewe ni wa uchafu. Ndiyo kazi yake."

Kwenye kikao cha mji, bwana mmoja wa ule mfuko wa mikopo alisema hazina ni tupu, hakuna pesa ya kuyatoa mapipa: kilichobaki walikuwa wamewakopesha wenye kiwanda cha matofali, na kitarudi baada ya miaka sita au saba. Akina mama wale, mdogo wao alikuwa na miaka sitini na nane. Kanisa likauzwa Aprili. Tangu hapo tumezika watatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, wakaumbuka wengine.

Nilikaa na jambo hili hadi Kwaresima iliyofuata, ndipo nikaenda kwa Ruthanne. Alikuwa jikoni kwake peke yake, akikunja pierogi za kuuza mlangoni ili alipe mkopo wa kiwanja asichoweza kukijenga.

"Shemeji," nikasema, "yale mapipa niliyazika mimi. Mimi na Gene."

Vidole vyake viliendelea kubana unga. "Nilishafikiri hivyo."

"Tulipeana mkono. Sikutaka kumchafua."

"Len, wiki ya mwisho hospitalini, Gene alinishika hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Akasema, siku wakitaka kukichimba kile kiwanda, wamuulize Len, atawaonyesha. Nikamuuliza atawaonyesha nini? Akawa amelala. Ndiyo maana nilimtuma yule binti kwako."

Nilivuta kiti nikakaa.

"Binti akarudi akasema, Len kasema hakuna kitu." Sasa aliacha unga. "Nikakuamini wewe. Nikasema masikini Gene wangu, aliropoka kwa zile dawa. Hadi katapila linatoboa pipa, nilikuwa naamini mume wangu alikufa akiropoka."

Nilitaka kusema samahani, nikaona neno lenyewe ni dogo mno kulitoa mbele yake. Nikainuka, nikanyoosha mkono nimsaidie kukunja, hata dazani moja.

"Acha," akasema, bila hasira. "Hujanawa."

Nikaenda kwenye sinki, nikafungua maji.