Salamu za Alfajiri

Kwa wiki sita Micheline, mama yake Wivine, hakumsalimia mtu asubuhi. Alikuwa akitoka kabla ya jua, anawapita majirani wa mtaa wa Shari kimya kama bubu, anachuma majani, anarudi kuyachemsha. Ndiyo masharti: ukimsalimia mtu kabla ya kuchuma, dawa imeharibika; ukiitaja mbele ya munganga wa hospitali, imekufa. Solange, dada mkubwa wa Wivine, naye alipougua aliinywa, akaitaja. Mwezi haukuisha, wakamzika. Basi Wivine, mwenye kansa ya titi, alikunywa ule uchungu na kufunga mdomo. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa kabisa.

Siku ya serumu ya tatu, ile dawa ya kansa anayotiwa mshipani hospitalini, Dokta Adrien alikuja na karatasi ya vipimo vya damu, uso umekunjamana.

"Wivine, maini yako inaumia. Unakunywaka majani?"

"Hapana, Dokta."

Mama wee! Uongo ulimtoka hata kabla hajafikiri.

"Miye sichukie majani," Dokta alisema polepole. "Mwili iko na maaskari yake. Kuko majani inaonekana inaamusha ile maaskari, ipigane na kansa. Watu wanachunguza vile mu laboratoire. Kuko ingine inailalisha. Ingine inagombana na dawa yangu, inageuka sumu. Ya kwako ni gani, siwezi kujua kama haunielezi."

Kuamsha au kulaza? Wivine alimtazama mama yake, aliyekaa chini ya dirisha na mkoba wenye chupa magotini. Akisema, anamfuata Solange. Asiposema, serumu ile inaweza kummaliza. Nesi alimshika mkono, akaanza kutafuta mshipa.

"Acha!" Micheline alisimama. "Anakunywaka. Ni miye ninamupatia."

Akatoa chupa, akalitaja lile jani kwa jina lake, kwa sauti, kisha akajitupa kwenye benchi akilia kama yuko matangani.

Dokta hakumgombeza. Aliahirisha serumu kwa wiki mbili, maini yapumzike kwanza, na majani yasiguswe tena.

Kesho yake, alfajiri, Wivine alikuwa macho kitandani, mkono juu ya uvimbe. Alisikia mlango, hatua za mama yake uani, halafu sauti ambayo saa ile hakuwa ameisikia kwa wiki sita.

"Jambo, Mama Yves! Mumelala muzuri?"

Wivine alijifunika shuka hadi usoni, akamkumbuka Solange. Mama alikuwa anasalimia watu. Leo hakuna kitakachochumwa.