Mashine Inasema Hakuna Mtu

Vidole ndivyo vilivyomwarifu kwanza. Mama Majira, fundi saa, alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kazi katika chumba cha nyuma, lenzi imemkaa jichoni, pumzi ameizuia, akirudisha springi nyembamba kama unywele ndani ya saa ya mteja, ndipo koleo yake ndogo ilipomteleza. Akajaribu tena, ikamteleza tena. Akavua lenzi, akaweka kiganja juu ya bomba la joto lililopita chini ya dirisha. Lilikuwa limepoa kama jiko la mtu aliyehama.

Akatoka hadi kwenye korido. Kidhibiti joto kipya, cha mviringo kama kisahani cha kikombe, kilikuwa ukutani, kimya na giza. Alipokikaribia tu, kikawaka chenyewe na kuandika kwa herufi za buluu: Karibu, Mgeni. Hapo hapo hita kubwa ya nyumba, kule stoo, ikaanza kunguruma kama kibarua aliyeshtuliwa na msimamizi.

Akampigia mwanawe, kifungua mimba wake, afisa wa bima.

"Shikamoo, Mama. Nilikuwa karibu kukupigia. Umerudi?"

"Marahaba. Nimerudi kutoka wapi?"

"Sijui. Naona hapa kwenye simu kwamba tangu asubuhi hakuna mtu nyumbani, ndiyo maana joto limepunguzwa."

"Tangu asubuhi niko mezani kwangu."

"Mashine inaangalia mtu anayepita, Mama. Haikuona mtu."

"Saa hazitengenezwi kwa kutembea, baba."

"Naelewa. Lakini mashine inasema hakuna mtu."

"Basi wewe sasa hivi unaongea na nani?"

Mwanawe akacheka kicheko cha ofisini, kile kinachoanzia kooni na kuishia hapo hapo.

"Na mbona inaniita mgeni?"

"Ni mpangilio tu. Akaunti ni yangu, kwa hiyo mimi ndiye mmiliki, na wengine wote ni wageni. Usijali."

Alijali. Kifaa kile kilikuwa kimeletwa msimu wa baridi ulipoanza, na kililetwa kwa sababu. Mama Majira alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake, akasahau kuzima hita, nayo ikaipasha joto nyumba tupu hadi aliporudi. Kosa lilikuwa lake, na hakulikana. Mwanawe akaja na boksi, akang'oa kidhibiti cha zamani chenye kirungu cha shaba alichokuwa amekifunga marehemu baba yake, akaweka hiki. Kisha, bisibisi ikiwa bado mkononi, akasema kwa upole aliokuja nao tayari kutoka kwake: "Tujaribu msimu huu, Mama. Ukionekana unaimudu nyumba, vyema. La sivyo, chumba chako kwetu kiko tayari, na hii tutaipangisha." Meza ya kazi, aliongeza, haitaenea katika chumba hicho; lakini kwani Mama hajachoka na saa za watu?

Tangu siku hiyo, kila alipopandisha joto, simu ya mwanawe ilimsemea. Baadaye hata kupandisha kukawa hakuwezekani: alizungusha, namba ikakataa kusogea. Mwanawe alikuwa ameifunga kutoka mjini, akiwa kwenye kiti chake.

Siku chache baada ya mazungumzo yale ya simu, dada wa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, aliingia bila kubisha kama ilivyokuwa desturi yake, akamkuta Mama Majira katikati ya korido akipunga mikono yote miwili kuelekea ukutani.

"Wifi, unamfukuza nani?"

"Naisalimia mashine."

"Imeitika?"

"Imewaka."

"Afadhali. Wapo wanaume ambao hawaitiki hata kwa hilo." Shangazi akavuta stuli, akaketi, akakitazama kile kisahani cha buluu kwa makini. "Sikiliza. Tundika kitambaa hapo mbele ya feni. Kitapepea kutwa, mashine itakihesabu kuwa mtu, nawe utaendelea na saa zako."

Mama Majira akacheka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Yaani kitambaa kiwe mwenye nyumba, mimi niwe mgeni."

"Kwa muda tu."

"Hapana, wifi yangu. Leo nicheze mbele ya ukuta ndipo nihesabiwe kuwa hai. Kesho nitaambiwa niimbe."

"Sasa utafanyaje? Mwanao mbishi."

"Ubishi ule hakuuokota njiani. Aliunyonya kwangu." Akaingia chumba cha nyuma, akafungua droo ya meza, akarudi na bisibisi yake ya mpini mweusi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ugeni wangu umepita siku nyingi, na jembe langu ni hili. Vaa koti twende dukani."

Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme alikuwa mtu wa makamo mwenye tai iliyonyooka na sauti aliyoipandisha kila alipomgeukia Mama Majira, kana kwamba uzee ni uziwi. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, kilichofungiwa ndani ya kabati la kioo.

"Hiki kinajifunza tabia yako, bibi. Baada ya muda mfupi kitajua unachotaka kabla wewe mwenyewe hujajua."

"Marehemu mume wangu alijaribu hilo maisha yake yote," alisema Mama Majira. "Nikikaa bila kusogea, hiki kitajua kuwa nipo?"

Muuzaji akakiri kwamba hapana, kisipoona mwendo hujipunguza, na hiyo hasa ndiyo sifa yake.

"Mtandao ukikatika?"

"Kitasubiri urudi."

"Nami nitasubiri nacho kwenye baridi. Na watu wawili wakitofautiana, kinamtii nani?"

Hapo muuzaji akashusha sauti kwa mara ya kwanza. "Hilo sijawahi kuulizwa. Nadhani aliyejiandikisha wa kwanza. Hivi vyote viko hivyo."

Mama Majira akapita rafu hadi rafu, akisoma kila boksi mpaka mwisho kama asomavyo maandishi yaliyochongwa nyuma ya saa. Chini kabisa akakuta kimoja cheupe, cha mraba, chenye kirungu cha kuzungusha kwa mkono. Kilikuwa na programu ya simu kwa atakayeitaka, kilifanya kazi hata mtandao ukizimika, na pamoja nacho kulikuwa na kihisi kidogo kama kifungo cha koti, ambacho mtu angekiweka chumba chochote anachokaa, kipime joto la hapo badala ya joto la korido.

"Hicho hakina akili nyingi, bibi," muuzaji alimtahadharisha.

"Akili ninazo. Nataka kinachosikia."

Kazi waliifanya mchana, mwanga ukiwa bado mzuri. Mama Majira alisoma kijitabu cha maelekezo mara mbili, mara ya pili kwa lenzi. Akazima swichi kuu. Akakifungua kisahani cha buluu, na kabla ya kuchomoa waya hata mmoja akaufunga kila mmoja uzi wa rangi yake kulingana na tundu ulimoingia. Ndivyo alivyozoea kupanga vipande vya saa asiyoijua, ili mkono usije ukabishana na kumbukumbu. Shangazi alishika tochi, pamoja na maoni.

"Tungemwita fundi umeme, wifi."

"Inua mwanga kidogo."

"Nasema tu. Tukiungua, wanao watasema ni mimi."

"Tukiungua, angalau nyumba itapata joto."

Swichi kuu iliporudishwa, kidhibiti kipya kiliwaka, namba ikatokea, lakini hita ikakaa kimya. Mama Majira akazungusha kirungu hadi mwisho. Kimya. Shangazi akazima tochi taratibu, kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa. Ikawa wazi kwa wote wawili kitakachofuata: mwanawe angefika, angekuta nyumba ya barafu na ukuta uliochokonolewa, na asingehitaji kusema neno. Angefungua tu buti la gari, apakie mizigo yake.

"Tumwite yeye mwenyewe?" Shangazi aliuliza.

"Washa tochi."

Akazima umeme upya, akakifungua kifaa, akavuta kila waya kwa ncha ya koleo. Ule wenye uzi mwekundu ukamjia mkononi. Haukuwa umebanwa sawasawa. Akaubana, akafunga, akarudisha umeme. Kule stoo hita ikakohoa, ikanguruma, na bomba chini ya dirisha likaanza kupata uhai. Akaweka ile programu kwenye simu yake, nayo ikauliza: Mmiliki ni nani? Akaandika jina lake kamili, lile la kwenye hati ya nyumba, bila kuruka herufi. Kihisi akakiweka juu ya meza ya kazi, kando ya kikopo cha springi.

Kesho yake mwanawe alifika akiwa na koti zito na uso mzito zaidi. Simu ilikuwa imemwambia kwamba kifaa chake hakipatikani. Alisimama kwenye korido akautazama ukuta.

"Umekitoa, Mama."

"Nimekitoa. Kimo ndani ya boksi lake pamoja na skrubu zake zote. Hakuna hata moja iliyopotea."

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unanichunga. Anayelindwa huulizwa."

Mwanawe akageuka kutoka ukutani. Aliposema tena, sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka.

"Baba alikaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha tangu asubuhi, wewe ukiwa sokoni, Shangazi akiwa safarini. Hakusogea. Hakuna aliyejua mpaka jioni. Nilitaka kuwe na kitu kitakachoniambia mtu akiacha kusogea."

Mama Majira hakuwa amelisikia neno hilo la hofu kwa mwanawe kabla, nalo likamgusa. Lakini hakuliacha limsogeze.

"Kuniogopea ni haki yako, baba, na sikunyang'anyi. Ila mimi kazi yangu ni kukaa bila kusogea. Ukitaka kujua kama niko hai, piga simu, uniulize. Nitakujibu, tena kwa maneno utakayojua ni yangu. Chumba cha kwenu mpangisheni mtu. Mimi na meza yangu hatuhami."

"Na hita ukiisahau tena?"

"Fungua simu yako."

Akafungua. Palikuwa na ujumbe: amealikwa katika nyumba ya mama yake, kama mgeni. Angeweza kuona kama hita inawaka. Kubadilisha asingeweza.

"Ukiona inawaka nami nimesafiri, nipigie niizime kwa simu yangu. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa. Unaitaka au huitaki?"

Aliusoma ujumbe mpaka mwisho, kisha akagusa palipoandikwa Kubali.

Mama Majira akarudi chumba cha nyuma, akaketi, akaweka lenzi jichoni. Mwanawe akamfuata, akakalia kile kiti cha baba yake karibu na dirisha, koti likiwa bado mwilini. Springi ikaingia mahali pake. Hakuna aliyetikisika, na bomba chini ya dirisha likaendelea kuwa na joto.

"Vua koti," Mama Majira alisema, bila kuinua kichwa. "Nyumba hii ina mtu."