Kamera Hazikulala

Nikiwa mbele ya watu, sauti yangu hupotea. Si kwamba sina la kusema. Maneno yanafika kooni na kukaa hapo, kama mgeni aliyefika mlangoni akasikia watu wanakula, akaona aibu kupiga hodi.

Lakini nikibaki peke yangu uani kwa shangazi, mambo yanageuka. Nikishika ufagio naimba. Nikikaa kupeta mchele naigiza watu: shangazi Yunisi anavyobishana bei na wateja wa Zambia dukani kwake, mchungaji anavyokohoa kabla ya kuomba, Mama Raphaeli, mwenyekiti wa akina mama kanisani, anavyotoa matangazo mkono mmoja kiunoni. Wasikilizaji wangu ni kuku. Hawajawahi kulalamika.

Jina langu Tumpale. Kwetu ni Mbebe, huko milimani. Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua na wadogo zangu wakakosa wa kuwapikia. Walipopata akili ya kujipikia, shangazi akanichukua nimsaidie hapa Tunduma, mpakani; ukivuka tu uko Nakonde, Zambia. Hapa hakuna aliyejua kama naimba. Kanisani nachezesha midomo tu.

Msimu huu mtaa wetu uliingiliwa na wezi, wakavunja stoo ya jirani na kubeba magunia. Stoo ya shangazi iko uani, imejaa mchele wa Kamsamba. Shangazi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Akamtafuta Osward, kijana wa Isongole anayetengeneza kompyuta karibu na soko, amfungie kamera.

Osward alifika na bodaboda, amepakata boksi la kompyuta kuukuu kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

"Hiyo ya nini?" shangazi akauliza. "Mimi nimesema kamera. Sina barua za kuandika."

"Mama, kamera ni macho tu. Haya macho yakiona, nani atakumbuka? Hili ndilo kichwa. Nimeliwekea diski kubwa, kila kitakachoonekana kitakaa humu."

"Na ni zee hivi?"

"Wazee ndio wenye kumbukumbu, mama."

Shangazi akacheka, akamruhusu apande darini. Alishinda huko akivuta waya, anagonga, anapiga chafya, na aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kichwani kama bibi harusi. Kamera moja ikaangalia geti, moja mlango wa mbele, moja mlango wa stoo. Ya nne akaifunga juu ya mlango wa jiko, iangalie ua wote. Hiyo ilikuwa na maiki ndani yake. Waya zote zikaingia nyuma ya boksi, sebuleni, na skrini akaiweka pembeni ya televisheni. Ilipowaka ilikuwa imegawanyika vyumba vinne, kila chumba na kamera yake. Shangazi akatoka uani kuijaribu, akarudi mbio kujitazama kwenye picha iliyorekodiwa.

"Kumbe kitenge changu kimepauka nyuma namna hii, na mnaniacha natembea nacho!"

Osward alipoondoka, shangazi akaanza kufikiria umeme. "Hiki kitu kitakula luku mpaka tulale giza. Mchana tutazima, Tumpale yupo. Usiku tutawasha. Wezi ni watu wa usiku."

Basi kila asubuhi baada ya sala shangazi alibonyeza kitufe cha skrini, ikawa nyeusi, akaifunika kwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, kama tunavyofunika redio na televisheni. Jioni akafunua, akabonyeza. Mimi nikaendelea na kuku wangu. Kwa kuwa kamera zimelala, nikaongeza na kucheza kidogo.

Halafu upepo wa huku ukaichezea kamera ya geti, ikawa inaangalia mawingu. Jumatano Osward akaja kuikaza. Shangazi alikuwa dukani. Osward akafunua kitambaa, akabonyeza kitufe, akanigeukia.

"Dada, mnazima hivi kila siku?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Mmezima skrini tu. Boksi halijazimwa hata mara moja. Kamera hazijalala tangu nizifunge."

Akarudisha nyuma picha ya uani ili kunionyesha. Nikamwona msichana amevaa gauni langu, ameshika ungo, amebenua mdomo kama shangazi akisalimia wateja kwa Kibemba. "Mulishani ba mayo! Nishinga, nishinga, kila siku unauliza bei! Mchele huu ukiupika, mume wako wa Nakonde hatatoka tena jioni!" Kisha msichana huyo akaweka ungo chini, akaimba kwa sauti kubwa, na kuku wakakimbia.

Osward alicheka mpaka akashika meza. Aliponitazama, mimi nilikuwa nimejifunika khanga uso mzima.

"Ni wewe?" akauliza kwa upole. "Mbona unaimba vizuri hivyo?"

"Futa," nikasema.

"Siwezi kufuta mali ya mama bila mama. Lakini usiogope. Diski likijaa, linafuta lenyewe picha za zamani na kuweka mpya juu yake. Wasipoangalia, yatapita hivihivi. Ila mwambie mama kuhusu hicho kitufe."

Nilikubali kwa kichwa. Jioni shangazi aliporudi, maneno yakafika kooni na kukaa. Nikajiambia, acha kwanza diski lijae. Siku ile na iliyofuata nilifagia kimya. Jogoo alinitazama kwa mashaka.

Alhamisi mchana akina mama wa kanisa walikuja kuchukua vyombo. Vyombo vya kikundi vinatunzwa kwetu: sahani, miiko, na sufuria kubwa linalopika wali wa kanisa zima. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Jumatatu nilikuwa nimelisugua sufuria hilo mwenyewe na kulifunika kifudifudi kando ya stoo, nyuma ya mapipa. Walipotazama nyuma ya mapipa, palikuwa na duara tu kwenye vumbi.

"Sufuria la akina mama!" Mama Raphaeli alishika kiuno. "Liko wapi?"

Shangazi alizunguka ua mzima, akachungulia hata banda la kuku, kana kwamba sufuria lile lingepita kwenye mlango wake. "Usiku kamera zingeonyesha. Mimi kila asubuhi naangalia za usiku," alisema. "Basi limechukuliwa mchana, na mchana tunazima."

"Na mchana nani anaingia humu?"

Macho yakaenda kwenye uzio. Ng'ambo ya uzio anakaa Mama Eva, aliyehamia mtaani mwaka huu. Anakaanga maandazi. Siku ya ubatizo alilipiga kofi lile sufuria, akasema, "Ningekuwa na hili, ningelisha Tunduma na Nakonde." Siku ile tulicheka wote.

Walimwita. Alikuja mbio, unga mpaka kwenye viwiko, akidhani wanaanza kupanga mapishi.

"Mimi?" alisema alipoelewa. "Ningelificha wapi? Nina chumba kimoja na watoto watatu. Au watoto walale ndani ya sufuria?"

Mmoja alitaka kucheka, akajizuia. Mama Eva alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Hatujasema wewe ni mwizi," Mama Raphaeli alisema. "Tunasema tu, Jumapili upumzike. Wengine watapika."

Mama Eva akaanza kuondoa unga viganjani, polepole, bila kumtazama mtu.

Huyu ndiye mama anayenipitishia andazi la moto juu ya uzio kila asubuhi. Nikishindwa kusema asante, anasema, "Nimeisikia, mwanangu," na kuendelea na kazi zake. Nilimtazama anavyojifuta unga, nikajua kwamba nikinyamaza, diski litafuta aibu yangu na yeye atabaki na yake.

"Kamera zinaona mchana," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimeviambia vidole vyangu vya miguu.

"Kamera zinaona mchana!"

Jogoo akaitikia. Wote wakageuka.

"Nani amesema?" shangazi akauliza, akitazama kila mtu isipokuwa mimi.

"Mimi, shangazi. Kile kitufe kinazima skrini tu. Osward ameniambia. Kila kitu kimo."

Osward aliitwa, akaja anahema. Sebule ilijaa akina mama. Wengine walikaa chini kwenye mkeka. Mimi nilisimama nyuma ya mlango.

"Naweza kuruka mpaka sufuria linapotoweka," Osward alisema, akinitupia jicho la kunisaidia. "Tusipoteze muda."

"Usiruke," Mama Raphaeli akasema. "Mwizi anaweza kuwa hapohapo uliporuka."

Jumatatu jioni ikapita, sufuria lipo. Usiku ukapita, lipo. Jumanne asubuhi ikaingia, na mimi nikaingia nayo, na ufagio.

Niliimba kwanza. Sebuleni minong'ono ikakatika. Kisha nikaona nimeanza ile ya shangazi, mulishani ba mayo, mdomo umebenuka. Shangazi alijishika mdomo kuhakikisha kama ndivyo ulivyo. Halafu yule msichana wa kwenye skrini akaweka mkono kiunoni. Nikafumba macho.

"Akina mama, akina mama! Nimesema vitenge vya kijani! Sikusema kijani cha nyasi, sikusema kijani cha chura! Wewe wa nyuma, hicho ni kijani au umeumwa nyongo?"

Kisha Mama Eva, aliyekuwa na machozi bado shavuni, akatoa mlio kama birika linalochemka. Akafuata mwingine. Sebule nzima ikaangua kicheko, mmoja akaegemea kompyuta na Osward akaiokoa.

"Mimi ndivyo ninavyosema?" Mama Raphaeli akauliza.

"Ndivyo!" wakajibu wote.

"Hata mkono?"

"Uko kiunoni sasa hivi, mwenyekiti!"

Aliuangalia mkono wake kama wa mtu mwingine.

Kwenye skrini nikachukua ndoo, nikatoka kwenda bombani. Ua ukabaki na kuku. Hapo sauti ya mwanamume ikasikika. "Hodi! Hodi wenyewe!" Akaingia akisukuma baiskeli, akavua kofia mbele ya mlango uliofungwa. Kila mtu sebuleni alimtambua. Alikuwa mzee Zabron, mzee wa kanisa, mume wa Mama Raphaeli.

Alingoja. Akapiga hodi tena. Kisha akauambia mlango, kwa heshima zote: "Wenyewe, nimeazima sufuria. La kwangu limetoboka, na nguruwe hawajapikiwa pumba tangu jana. Nalirudisha nikimaliza." Akamtazama kuku aliyekuwa karibu. "Na wewe umesikia. Utawaambia." Akalifunga sufuria nyuma ya baiskeli, akavaa kofia, akaondoka.

Kwa kweli ndivyo tunavyofanya. Vyombo vya kikundi ni vya wote. Ukikosa mtu, unaiaga nyumba, unachukua. Lakini huchukui kwa ajili ya nguruwe.

Mama Raphaeli alikuwa amesimama. Alikaza kilemba, akapiga simu na kuiweka sauti ya juu.

"Baba Raphaeli, uko wapi?"

"Niko bandani kule shambani, mama."

"Unapikia kwenye nini?"

Tukasikia nguruwe tu. Kisha, "Kwenye sufuria."

"La nani?"

"Mama Raphaeli, mimi niliaga."

"Ulimuaga nani?"

"Niliiaga nyumba. Na kuku alikuwepo."

Sikujua mtu anaweza kucheka mpaka akalala kwenye mkeka. Shangazi alilala. Lakini Mama Raphaeli hakucheka. Alikata simu, akamfuata Mama Eva, akamshika mikono yote miwili na unga wake.

"Nimekukosea mbele ya watu, naomba unisamehe mbele ya watu. Jumapili mwiko mkubwa ushike wewe."

"Nitaushika," Mama Eva akasema. "Ila sufuria alisugue baba mwenyewe. Kwa majivu na mchanga. Na sisi tukiwepo."

"Atalisugua mpaka ajione sura."

Nilidhani huo ndio wakati wa kutoroka. Nilifika kwenye mlango wa jiko. Nyuma yangu nikasikia viatu, tena vingi.

"Na wewe," Mama Raphaeli akasema. "Ile ya vitenge. Irudie."

Maneno yakafika kooni. Yakakaa. Nilitazama chini.

"Mnamkodolea macho," Mama Eva akasema. "Hata mimi ningenyamaza. Mwanangu, wewe geuka huko."

Nikawapa mgongo. Mbele yangu, juu ya mlango, kulikuwa na ile kamera, na jicho lake dogo jeusi ambalo lilishanisikia tayari. Kwake sikuwa na la kuficha tena. Nikaitazama hiyo, nikaimba ule wimbo wa kufagia, wa kwetu milimani. Mwanzo ulitoka mwembamba. Nilipofika pale pa kuitikia, pale ambapo siku zote ninajiitikia mwenyewe, sauti za akina mama zikaitikia nyuma yangu, na sikugeuka, kwa kuogopa zisije zikaacha.

Jumapili sufuria liling'aa kuliko siku ya kununuliwa. Mama Eva alishika mwiko, mzee Zabron akapewa kazi ya kuchochea moto, na mimi niliimba nikiosha mchele, uso wangu kwenye beseni. Uso wa watu bado sijauweza.

Shangazi hazimi tena skrini mchana. Anasema ni kwa ajili ya wezi. Lakini akirudi dukani, kabla hajavua viatu, anakaa kuangalia kilichotokea uani. Juzi nilimuigiza yeye mwenyewe, anavyoinama kwenye skrini na kuuliza, "Leo hajaniigiza?" Kuku walinitazama kama kawaida. Ila dirisha la sebule lilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mtu anacheka.