Namba za Milangoni

Maji hayapigi hodi. Jumatatu ile nilipofungua zahanati asubuhi, niliyakuta yameshaingia na kujikaribisha. Tangi la juu lilikuwa limepasuka, dari ya chumba cha altrasaundi imelala sakafuni, na mashine yetu, ile tuliyoifunika kitambaa cheupe kila jioni, imelowa chapachapa.

Mimi ni muuguzi wa siku nyingi. Nimezalisha, nimechoma sindano, nimefunga vidonda vya walevi walionitukana na kunibariki kwa pumzi moja. Sikulia. Nilishika dekio, nikapiga deki, kisha nikampigia simu mwenye zahanati. Ni daktari, na ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Mgongo uliombeba ni huu, na vifungo vya shati lake la kwanza la shule nilimfunga mimi. Wagonjwa wamwite wapendavyo. Mimi humwita Kitinda, mbele ya yeyote. Na tangu azaliwe sikuwahi kumwomba radhi kwa lolote. Dada mkubwa ataanzia wapi?

Alifika, akasimama kizingitini, akapangusa miwani yake mara mbili kana kwamba uchafu ulikuwa kwenye kioo.

"Dada, unakumbuka ulivyonicheka nilipoikatia zahanati bima?"

Nilikumbuka sana. Nilimwambia ni kujiitia mabaya, kushona sanda ya mtu aliye hai.

"Basi leo ile karatasi ndiyo mkombozi wetu," akasema. "Bila fidia, hatununui mashine nyingine. Na bila mashine, huduma ya wajawazito naifunga."

Wajawazito ndio roho ya zahanati yetu. Hospitali kubwa iko mbali, safari ya nusu siku kwenye barabara ya mashimo, na mwenye mimba si gunia la viazi. Kwenye benchi la nje alikuwa ameshakaa mmoja tuliyemwita Mvumilivu. Alisubiri miaka kumi na mmoja kupata mimba, na sasa ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Kila alipokuja aliomba kitu kimoja tu, kuusikia moyo wa mtoto. Siku ile nilimrudisha nyumbani. Akaniambia, "Nitakuja keshokutwa," na keshokutwa akaja kweli.

Siku hiyohiyo alikuja mkaguzi wa kampuni ya bima. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakosa raha, mkononi ana futi ya kupimia na kwapani ana jalada. Aliipiga picha dari, tangi na mashine. Kisha akafungua jalada, akasoma, akatoka kutazama mlango, akarudi kusoma tena.

"Daktari, hati inasema mashine iko chumba namba tatu. Hiki ni namba tano."

Kitinda akacheka. "Haiwezekani." Akatoka nje. Kicheko kikamkauka mdomoni, maana mlangoni kulikuwa na tano, kubwa, ya mbao, haina haya. Na kule mwisho wa varanda, kwenye mlango wa chumba cha sindano, kulikuwa na tatu.

"Ilihamishwa lini?" mkaguzi akauliza.

"Haijahamishwa hata hatua moja!"

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Mashine ikihamishwa bila kampuni kuarifiwa, kinga inakoma. Tena imewekwa chini ya tangi la maji!" Akatikisa kichwa, akaanza kufunga jalada.

Lo! Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: aliyefanya hayo ni mimi.

Tangu zamani chumba cha sindano kilikuwa namba tano, na watoto wa mtaa mzima walikijua. Ukimtajia mtoto namba tano, analia kuanzia kwao. Likizo iliyopita nikajiona mjanja. Namba zetu ni za mbao, alizichonga seremala jirani, zimekazwa kwa skrubu. Nilichukua bisibisi, nikaipeleka tano kwenye altrasaundi, tatu nikaileta kwenye sindano. "Leo huendi namba tano, mwanangu, unaenda namba tatu." Waliingia wakiruka! Raha hiyo ilidumu wiki mbili. Watoto si wajinga. Wiki ya tatu wakaanza kulilia namba tatu. Nami nikaona uvivu kuzirudisha, kisha nikaona aibu. Kitinda hakugundua kwa sababu mtu hasomi namba za nyumba yake mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kumsingizia seremala, mtu mpole ambaye hajui kujitetea. Lakini Mvumilivu alikuwa pale kwenye benchi, kiganja juu ya tumbo, akitutazama kwa zamu bila kuelewa kwamba mambo yake ndiyo yanayoamuliwa. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Daktari," nikasema, "nimekosa. Nilizibadilisha mimi. Nisamehe."

Kitinda aligeuka taratibu. "Umeniita nani?"

"Umesikia. Usinirudishe nyuma."

Nikaeleza yote, mbele ya wagonjwa wote. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho. "Mama, nakusikia. Lakini kampuni haitalipa masikio yangu. Nahitaji kitu cha kuona."

"Subiri," nikamwambia, nikaenda kuchukua bisibisi ileile iliyoniponza.

Milango yetu inatazama jua la asubuhi. Rangi yake ya buluu imepauka miaka na miaka, ila pale palipofunikwa na mbao. Nililegeza skrubu, tano ikaniangukia mkononi, na nyuma yake, kwenye buluu mbichi kama ya juzi, ilikuwapo tatu nzima, na tumbo lake na mkia wake. Kule kwenye mlango wa sindano nikaitoa tatu: chini yake, tano.

"Alhamdulillahi!" mama mmoja akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Na mimba zangu zote zimetazamwa humuhumu, bwana mkubwa, andika na hilo!"

Mkaguzi akatoa futi, akaipima ile tatu ya rangi kwa urefu na kwa upana, akaipiga picha nne. Wakati huohuo mtoto mmoja akaangua kilio kwenye mlango wa sindano, kilio cha kuchinjwa.

"Kwa ajili ya huyo?" mkaguzi akaniuliza.

"Kwa ajili ya huyo."

Akameza mate. "Mimi utotoni nilikuwa nashikwa na watu wanne," akasema kwa sauti ya chini, akaandika mistari mirefu kwenye jalada lake.

Fidia ilitoka. Mashine mpya ilipofika, dari ilikuwa imeshazibwa na tangi limeshushwa chini, uani. Kitinda akaniletea bisibisi kwa mikono miwili, akijifanya mwenye adabu.

"Zirudishe, dada."

"Haya, Kitinda."

"Nilidhani nimekuwa daktari."

"Siku ile ilikuwa dharura."

Tulicheka hadi skrubu zikanidondoka.

Mvumilivu aliingia wa kwanza. Mlango tuliuacha wazi kidogo kwa sababu ya joto. Kwanza palikuwa na mkwaruzo, kisha ukatoka mlio wa haraka, thabiti, kama miguu midogo inayokimbia varandani. Benchi zima likageukia mlango. Ndani, mtu alikuwa akicheka na kulia bila kuchagua.

Pembeni yangu, kwenye mlango wa namba tano, msichana wa miaka mitano hivi alikuwa ameng'ang'ania fremu kwa mikono yote miwili. Akaacha kulia.

"Nani anakimbia?"

"Mtu," nikamwambia. "Anakuja."

"Anakuja kuchomwa sindano?"

"Akishafika, ndiyo."

Alifikiri. Akaiachia fremu, akaukunja mwenyewe mkono wa gauni lake.

"Mwambie asikimbie sana," akasema, akaingia akanitangulia.