Fasikh ya Hajji Metwalli

Tumbo la Hajji Metwalli lilikuwa likifika msikitini kabla yake. Virusi vilivyomwingia ujanani kwa sindano za kichocho vililifanya ini gumu kama mkate wa juzi, na maji yakajaa tumboni. Daktari Shahinaz alishamwonya: chumvi mwiko, na akipata homa au tumbo likiuma, asingoje hata chai ichemke, aje.

Metwalli akamwapia mkewe, Neemat, kwa kaburi la mama yake, kwamba hatagusa fasikh, wale samaki wa chumvi wanaonuka hadi mji wa Tanta. Sikukuu ya Kunusa Upepo ikafika, kijiji kizima kikala fasikh. Yeye akatafuna letasi. Kisha akajifungia zizini na samaki wake, akamla akitazamwa na nyati wake wa maziwa.

Kesho yake, homa. Tumbo likamkata. Akajua ni fasikh tu. Kuliko kuumbuka, akavaa sweta ndani ya kanzu.

"Baba Sabri, mbona unatetemeka?" Neemat akamuuliza.

"Upepo."

"Upepo gani? Nzi wenyewe wanahema kwa joto!"

Akavumilia hadi akili ikaanza kumhama. Asubuhi moja akamwita Neemat kwa jina la nyati.

"Leo mimi ndiye Warda? Haya, nikamue!" Neemat akacheka. Akamgusa paji la uso, kicheko kikakatika.

Hospitalini, Daktari Shahinaz alimchoma sindano tumboni, akavuta maji. Yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Akamtundikia dripu ya antibayotiki, na ya albumini ya kulinda figo.

Akili ilipomrudia, daktari akauliza, "Homa ilianza lini?"

"Jana."

"Hajji!"

"Baada ya sikukuu. Nilikula fasikh, binti yangu."

"Fasikh imekuongezea maji tu. Homa ni bakteria wa utumbo wako, wamepenya kwenye maji hayo. Ungekuja mapema! Sasa figo zimeguswa, na sijui kama zitapona."

"Alikuwa anaficha fasikh!" Neemat akasema. "Baba Sabri, ulinuka hadi paka akakufuata kitandani. Nilijua. Nilinyamaza nisikuaibishe." 

Metwalli akavuta shuka ajifunike uso. Miguu ikabaki nje, imevimba, alama za vidole vya daktari alipoipima bado zimebonyea.

Daktari alipotoka, Neemat akaifunika kwa mtandio wake. "Kuna kingine unaficha?"

Shuka likasogea kidogo.

"Tumbo," likasema. "Bado linauma."

"Daktari!" Neemat akaita. "Rudi. Leo anasema."