Jina Langoni

Wachuka hakuwa na raha tangu afike Kutus. Ile nyumba ya kupangisha aliichora yeye mwenyewe, ghorofa tatu na paa, basi. Sasa juu ya ghorofa ya tatu mafundi walikuwa wakimimina zege ya nyingine, na huku chini wapangaji walishaanika nguo.

"Mzee Gikonyo, huu msingi haubebi ghorofa ya nne! Nilikuambia!"

Mwenye nyumba alicheka. "Wewe ulichora zako tatu. Hii ya juu ni yangu. Kila mtu anaongeza, ati gani imeanguka?"

Wachuka alimpigia mkaguzi wa majengo simu, haikupokewa. Akazunguka uwanja, akarudi palepale. Ndipo alipoliona bango la ujenzi langoni, jina lake kama msanifu likiwa limepakwa rangi upya. Akalishika kwa mikono miwili, akaanza kuling'oa. Nyumba ikianguka, isianguke na jina lake!

"Kwani unang'oa ya nini?" Mama mmoja alikuwa ametoka chumba cha chini, mtoto mgongoni. "Mimi nilihamia hapa sababu ya hiyo bango. Nilisema, kama mtu wa kusoma ameandika jina yake, hii nyumba iko sawa."

Wachuka akaliachia bango.

"Mama, uko na watoto wengine ndani?"

"Wawili. Wamelala."

"Waamshe," alisema Wachuka, akitangulia mlangoni. "Mimi nitabeba godoro."