Mkanju wa Mwanakuu

Mwanaesha alipoolewa na Badawi, mwaka uliofuata mwisho wa vita, alikuta mkanju, mti wa korosho, uani mwa nyumba yake ya Mji wa Kale. Aliyeupanda ni Mwanakuu, mke wa kwanza wa Badawi, aliyefariki akijifungua, yeye na mtoto. Tangu hapo Badawi hakutaka mtu auguse.

Mti ulikuwa taabani. Majani yamepauka, na kila msimu maua yalikauka yakapukutika bila kushika tunda. Mwanaesha alikulia katika shamba la baba yake Kisauni, kwenye mikanju, na alipoutazama huu akajua una njaa. Ua wenyewe ulifagiwa kila asubuhi, hata jani halikuachwa likaoza.

Masika yalipokaribia, Badawi akiwa Liwatoni kwenye useremala wake wa mashua, Mwanaesha akashika jembe. Hakuchimba shinani. Alichimba mfereji kuuzunguka mti, pale kivuli cha matawi kinapokomea, maana ndiko iliko mizizi inayokula. Alikuwa akimwaga samadi ya mbuzi wa jirani, mara Badawi akaingia.

"Mwanaesha! Wafanya nini? Wataka kuung'oa?"

"La, bwana. Naulisha."

Badawi akaitazama samadi, akaketi kizingitini.

"Nauona wafa," akasema, "na sijui niufanyeje. Nikaona heri nisiuguse."

"Nami niliogopa kukwambia. Nilidhani utaona nataka kumfuta mwenzangu."

Badawi alivua kanzu, akabaki na kikoi chake, akampokea jembe. Wakachanganya samadi na majivu ya jikoni, wakafukia. Baada ya hapo akawa arudi kutoka kazini na matumbo ya samaki aliyopewa na wavuvi, wakiyazika kwenye mfereji uo huo. Paka wa mtaa mzima wakahamia uani. Na majani yaliyoanguka, Mwanaesha aliyaacha yalale.

Mwaka ule walipata majani mabichi tu. Mwaka wa pili maua yakashika, na ua ukanukia makanju mekundu yaliyoiva.

Mwanaesha alijaza kikapu, akaweka na korosho alizokaanga. "Haya ya kwanza ni ya mama yake Mwanakuu," akasema.

Badawi akainamisha kichwa. Tangu maziko hakuwa ameweza kumtazama mama huyo, Bimdogo, usoni. "Twende sote," akasema.

Bimdogo aliwafungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Mwanaesha akasema. "Ni makanju ya mti wa Mwanakuu."

Bimdogo akachukua moja, akaliuma, maji yakamchuruzika kidevuni. Hakuyafuta.

"Nalidhani umeshakufa mti huu," akasema. Kisha akamgeukia Badawi. "Na wewe nalidhani nimeshakupoteza, mwanangu."

Badawi akalia. Bimdogo akamkalisha Mwanaesha kitandani ubavuni pake, akamshika mkono, akamwuliza habari za kwao Kisauni, za baba yake, za mashamba. Adhana ya magharibi iliwakuta bado wakizungumza, na mkono hajauachia.